Mheshimiwa Anafundishwa Kurudi Nyuma

Katika mji ule watu walijua kutembea kinyumenyume kabla hawajajua kutembea. Mtoto akianza kusimama, mama yake alimshika makwapani, akamwelekeza uso upande wa zizi kuu, halafu akamvuta taratibu, nyuma, nyuma, mpaka visigino vikaijua barabara kuliko vidole. Ndiyo ilikuwa adabu. Na visogo vya watu wa pale, kwa kuwa ndivyo vilivyotangulia kufika kila mahali, vilikuwa vimeanza kuota macho. Hayakuwa macho ya kuonea, ni vishimo viwili tu kama alama za vidole kwenye unga uliokandwa, lakini wenyewe walivipaka wanja.

Sababu ya yote hayo alikuwa farasi. Labda aliwahi kuwa na jina. Kama alikuwa nalo, liliogopwa kutajwa hadi likasahaulika, kikabaki cheo: Mheshimiwa. Rangi yake haikutulia. Asubuhi alitoka mweusi, adhuhuri akarudi wa kijivu, na wapo walioapa kwamba siku moja ya joto kali waliona kivuli chake kinapita sokoni peke yake, mwenyewe yuko zizini anakula. Hakuna aliyewahi kumpanda. Hakuna aliyekumbuka kama aliletwa mjini kutawala au kubeba magunia ya unga. Alitoka alipotaka, akashika katikati ya njia, na kila aliyekuwa mbele yake alirudi nyuma, ameinama, uso umemwelekea, maana kumpa mgongo kulikuwa utovu wa adabu. Ukichelewa kurudi, alikuuma. Na kuumwa nako kukageuka heshima, kwa sababu binadamu akishindwa kulikwepa jambo hulitafutia sherehe.

"Nasikia Mheshimiwa amekugusa," mmoja alimwambia mwenzake kwenye foleni ya maji.

"Amenigusa, nashukuru. Hapa begani."

"Hongera. Mimi mwaka huu kanipita kama hanijui."

"Utapata tu. Jaribu kuchelewa kidogo."

Mafundi cherehani wa mji walishona mashati yasiyo na bega la kushoto.

Ila mzigo wa heshima hizo ulimwangukia mtu mmoja, saisi, yule wa kumlisha Mheshimiwa, kumchana singa na kufagia chini yake. Wengine waliumwa kwa bahati. Saisi aliumwa kwa ajira. Sheria yake ilichongwa juu ya lango la mji kwa herufi kubwa, herufi za mtu asiyetarajia kupingwa: saisi atatumika hadi afe, au hadi siku atakapomtoa Mheshimiwa nje ya lango kwa mkono wake, kamba ikiwa imelegea, asiguswe na mtu yeyote, yeye wala Mheshimiwa. Masaisi wote waliotangulia waliacha kazi kwa njia ile ya kwanza.

Saisi wa wakati huo, kama ule ulikuwa wakati, aliitwa Faki. Mkono wake mmoja haukupanda tena kupita kiuno. Mbavu zake zilitoa sauti alipocheka, akaona bora aache kucheka. Na dada yake, Mishi, ndiye aliyeingia mjini siku moja akitanguliza uso, kina mama wakawafunika watoto macho, ya mbele na ya nyuma.

Mishi alikuwa mrekebishaji wa farasi. Amepita nchi nyingi, nyingine hazipo tena. Kuna mahali alimkuta farasi aliyeogopa mshindo wa kwato zake mwenyewe, kila akikimbia anajisikia anafukuzwa, anaongeza mbio; Mishi akamtembeza msimu mzima juu ya pamba, kisha akawa anapunguza pamba kidogo kidogo, mpaka yule farasi akajisikia kwa mbali, akajizoea. Mwingine aliamini kuwa yeye ni mlango: hakubali mtu apite ubavuni kwake bila kubisha hodi. Huyo hakumrekebisha. Alimtafutia kazi getini kwa tajiri mmoja, na habari zilizopo ni kwamba wanaelewana.

Faki alimpokea dada yake nyuma ya zizi, kwenye kivuli cha marobota ya majani.

"Umekonda," alisema Mishi.

"Nimebanwa. Tena mara hii alinibana ukutani, akakaa, kama anayefikiria jambo lingine." Alijishika ubavu. "Dada, nikuambie kweli. Akinibana tena vile sitoki. Mbavu hizi hazifiki masika."

"Masika ni lini huku?"

"Ikipenda."

Alisema kweli. Siku za mji ule hazikuja kwa foleni. Alhamisi iliweza kuingia mara mbili mfululizo, Jumapili ikapotea, ikapatikana baadaye katikati ya wiki nyingine, imechakaa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema Faki amebakiwa na muda gani. Kilichojulikana ni kwamba ni mfupi.

Ruhusa ya kumrekebisha farasi ilitoka kwa Msemaji wa Mheshimiwa, Bwana Makungu, mtu wa kitambi na sauti ya taratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu maana ya milio ya farasi. Farasi akilia mara moja, Makungu alihutubia hadi jioni.

"Bibie," alisema, "Mheshimiwa hafundishwi. Mheshimiwa hufundisha."

"Nimeona, Bwana Msemaji. Kawafundisha vizuri. Sasa nataka tumshukuru."

Makungu alilipima neno hilo, akaona halina hasara. Mgeni akiumwa, mji utasifika kwa ukarimu. Akampa ule uwanja wa mviringo uliokuwa ukitumika kukaushia mihogo.

Siku ya kwanza Mishi alifanya kosa. Mheshimiwa aliingia uwanjani kifua mbele, masikio yamelala kisogoni, akamwendea moja kwa moja, na Mishi, ambaye mama yake alimlea vizuri, alisogea pembeni na kusema, "Samahani." Halikuwa kosa la woga. Lilikuwa kosa la malezi. Mtu akija kwako kwa haraka unampisha, ndivyo tulivyofundishwa sote. Farasi alifikia kwenye nafasi ile aliyoiacha, akageuza shingo, akamng'ata kiatu kikiwa mguuni, akakirusha.

Akiwa anakitafuta kiatu chake kwenye samadi, Mishi alianza kufikiri, na mawazo yake yalikwenda polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Farasi hana maneno ya kusema mimi ndiye mkubwa. Ana miguu. Wakikutana wawili wanaulizana swali moja: nani atasogeza miguu ya nani? Anayesogea hajadhalilika, amejibu swali tu, wanaendelea kula majani. Lakini mji huu umelijibu swali hilo upande mmoja, asubuhi na jioni, babu kwa mjukuu, ukadhani unaonyesha heshima, kumbe unamweleza mnyama kwa lugha yake mwenyewe, tena kwa ufasaha, kwamba dunia nzima ni yake na ndani yake hamna mwingine, ila vitu vinavyosogea. Hiyo ni habari nzito kumpa kiumbe. Wewe ukiamka siku moja ukakuta kila unachokisogelea kinakukimbia, kuta na watu na mawingu, utafanya nini? Utanyoosha shingo ukamate kimoja. Utakiuma ili ujue kama kipo. Adabu za watu ndizo zilizomharibia farasi adabu; na meno yake, yale yaliyopigiwa vigelegele, huenda hayakuwa meno ya mtawala. Huenda yalikuwa meno ya mtu anayepapasa gizani.

Alikipata kiatu. Akakivaa bila kukifuta.

Tangu hapo kazi yake haikuwa na cha kutazama, na watu waliokuja na viti vyao wakaanza kusinzia. Hakuwa na mjeledi. Alikuwa na kamba ndefu, ncha moja kwenye hatamu ya kichwani mwa farasi, nyingine mkononi mwake. Mheshimiwa akija juu yake, yeye anaitikisa kamba, kidogo, kama anayekung'uta mkeka. Asipoelewa, anaitikisa zaidi. Zaidi tena, mpaka kamba inakuwa kero kama inzi wa machoni. Na nukta ile ile ambapo kwato moja inarudi nyuma, moja tu, hata kwa bahati mbaya, Mishi anaacha. Mikono chini. Pumzi nje. Kimya. Siri yote iko hapo, na ni siri inayochosha: farasi hajifunzi kwa kubanwa, anajifunza pale unapomwachia. Ukimwachia akiwa anasukuma, umemfundisha kusukuma. Ukimwachia akiwa anatafuta njia, umemfundisha kutafuta.

"Anamfanyia nini?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya mihogo.

"Hamfanyii kitu," alijibu jirani yake.

"Mbona Mheshimiwa anarudi nyuma?"

"Harudi. Dunia ndiyo imesogea mbele. Bwana Makungu ameshaeleza."

Kisha Mishi akaifungua kamba. Hapo viti vilijaa tena.

Farasi asiye na kamba alianza kuzunguka uwanja, na Mishi akasimama katikati, kila akipunguza mwendo anamsukuma kwa mkono ulionyooshwa na kwa macho. Nenda. Nenda tena. Sikufukuzi, nakuonyesha kwamba nipo. Wewe unataka mahali pa kusimama, mimi ninapo mahali hapo, pako hapa kati, karibu na mimi, lakini hapaingiwi kwa kifua. Nenda. Alhamisi ilipita juu yao. Ikapita nyingine. Watoto waliokuja kutazama waliondoka na ndevu. Farasi alikuwa mweusi, wa kijivu, mweupe, halafu akawa hana rangi, ni mzunguko tu wa kwato, na Mishi akahisi ndimi mbili kinywani mwake, ladha ya chuma na majani makavu, na macho yake yakahama yakakaa pembeni mwa kichwa. Akawa ni yeye anayekimbia. Alimwona kati ya uwanja mwanamke mfupi, mwenye samadi kiatuni, aliyegawanyika mara mbili, mmoja kwa kila jicho. Yule hasogei, aliwaza kwa kichwa kile kirefu. Kila kitu kinasogea, yule hasogei. Ni nini yule? Na katika kuuliza, kitu fulani kizito kilichokuwa kifuani, ambacho alikibeba tangu asikumbuke, kitu cha umbo la mji, kilitelemka. Sikio la upande wa kati ya uwanja likamgeukia yule mwanamke. Kichwa kikashuka hadi karibu na vumbi. Midomo ikaanza kujilamba na kutafuna, ijapokuwa hakukuwa na chakula.

Mishi alirudi mwilini mwake akiwa na kiu. Akafanya jambo ambalo lilimwangusha mzee mmoja kutoka kitini: akampa Mheshimiwa mgongo.

Mgongo wa Mishi ulikuwa mgongo wa kawaida, wenye jasho katikati. Farasi aliutazama kwa muda mrefu. Pengine ulikuwa mgongo wa kwanza kuuona maishani mwake, na hapakuwa na kitu juu yake cha kuogopewa wala cha kukimbiwa. Akaja, hatua zake zikiwa za mtu anayeingia nyumba ya wenyewe, akasimama nyuma ya bega la mwanamke yule, la kushoto, akahema. Hakuuma.

Ungedhani kazi imekwisha. Farasi alielewa upesi. Aliyebaki alikuwa Faki, maana sheria ilitaka mkono wa saisi.

"Simama hapa," alisema Mishi. "Akija, tikisa kamba. Miguu yako usiisogeze."

Mheshimiwa alipiga hatua moja, ya kiungwana kabisa, na Faki alikuwa ameshafika ukutani.

"Faki."

"Nimesimama."

"Umesimama ukutani."

"Ni heshima tu, dada. Haikuwa hofu."

"Hilo yeye hajui. Anachokijua ni kwamba umeondoka. Ona." Farasi alikuwa ameinua shingo, masikio yameanza kulala, kile kitu kizito chenye umbo la mji kilikuwa kinapanda tena kifuani mwake. "Unamfundisha upya. Kila ukirudi, unamwambia aliyoyajua zamani ndiyo kweli."

Walijaribu tena na tena. Mara nyingine Faki alisimama vizuri, kisha visigino vikaondoka peke yao, bila kumuaga, na yeye akavifuata. Jioni moja alikaa chini kwenye vumbi la mihogo, akakataa kushika kamba.

"Sijui kama nataka," alisema.

Mishi aliiokota kamba.

"Mjini wananiitaje? Saisi. Wakiniona na mkono huu wananipisha kwenye foleni. Nimeumwa kuliko mtu yeyote aliye hai. Sasa wewe unakuja unaniambia farasi alikuwa hana nia yoyote, alikuwa anapapasa tu. Basi mimi nimevunjwa mbavu na nani? Nikisimama, asiponiuma, mimi ni nani?"

"Ni Faki."

"Huyo simkumbuki vizuri."

"Mimi namkumbuka. Alikuwa mvivu, na alikuwa anaiba ukoko wa wali kabla sufuria halijapoa." Mishi alimpa kamba. "Inuka. Hata yeye alikuwa mheshimiwa sana mpaka juzi."

Makungu alitangaza siku ya kumtoa Mheshimiwa langoni kwa mshangao wa kila mtu, pamoja na wake mwenyewe. Aliona mambo yanavyokwenda, akapenda yaamuliwe kabla saisi hajazoea kusimama. Watu walijipanga pande zote mbili za njia iendayo langoni, visogo vimepakwa wanja mpya. Faki alivishwa kanzu ya usaisi, ambayo ilishonwa kwa kimo cha saisi wa kwanza, mtu mrefu kupita kiasi, ikawa inaburuta vumbini mbele na nyuma. Akashika kamba kwa mkono ule mzima. Mishi alisimama nyuma yake, karibu, mikono ameifunga kifuani ili kila mtu aione.

Walitembea vizuri hadi kwenye lango. Kamba ililegea, ikacheza hewani. Hatua chache kabla ya kizingiti, mtu mmoja katika umati, kwa mazoea tu, aliinama na kurudi nyuma. Mwenzake akarudi. Msururu wote ukarudi, kama nyasi zinapopitiwa na upepo, na Mheshimiwa akaliona. Akasimama. Shingo ikapanda, masikio yakalala, rangi ikaanza kumrudia, nyeusi, kutoka kwatoni kwenda juu. Akamgeukia Faki, akamwendea.

Faki alitikisa kamba. Farasi akaja. Akaitikisa zaidi. Farasi akaja. Faki alikiona kifua kile kinavyokuwa ukuta, mbavu zake zikakumbuka kabla yake, na kisigino chake cha kulia kikanyanyuka kwenda nyuma. Hakikwenda. Alikivuta, kanzu ikamkaza shingoni. Akajaribu cha kushoto. Mishi, mikono kifuani, uso umetazama mawingu, alikuwa amesimama juu ya pindo la kanzu kwa miguu yote miwili.

Basi akasimama. Si kwa ushujaa, na farasi hakuuliza ni kwa nini. Alichokiona ni mtu ambaye miguu yake haikusogea, kamba inayotikisika, na macho mawili yaliyofumbwa kwa nguvu. Pua yake ilifika kwenye kifua cha Faki, ikanusa, ikangoja kitu kile kiondoke kama vitu vyote. Hakikuondoka. Kwato moja ikarudi nyuma. Faki, bila kufumbua macho, akashusha mkono. Kimya. Farasi akajilamba midomo.

Mishi akaondoka juu ya kanzu. Ndugu yake akageuka, akampa farasi mgongo, akavuka kizingiti, na farasi akavuka nyuma yake. Kule nje kulikuwa na majani tu, mengi, yasiyo na mpangilio. Faki alimvua hatamu. Mheshimiwa aliinama akaanza kula, na kutoka pale langoni ilikuwa vigumu kusema alikuwa na rangi gani. Alikuwa na rangi ya farasi.

"Pingamizi," alisema Bwana Makungu.

Alikuwa ameona. Alishuka kwenye jukwaa lake, akapita lango kwa mwendo wa taratibu, watu wakimpisha.

"Sheria inasema saisi asiguswe," alisema.

"Sikumgusa," alisema Mishi.

"Umegusa kanzu."

"Kanzu si yeye."

"Haswa," alisema Makungu, na sauti yake ikawa tamu. "Kanzu si yeye. Yeye alitaka kurudi, tumemwona. Iliyokataa ni kanzu. Aliyesimama mbele ya Mheshimiwa, basi, ni kanzu. Kanzu imetimiza sheria. Kanzu iko huru. Saisi atarudi kazini."

Umati ulinong'ona kwa kuridhika. Ilikuwa hukumu nzuri, yenye pembe zake zote.

Faki akainama, akainua mkono mmoja, na dada yake akamvuta kanzu ikapita kichwani. Akabaki na msuli kiunoni. Alama za meno zilikuwa mwilini mwake kote, za zamani na za karibuni, na kwenye mwanga wa nje hazikufanana na nishani. Zilifanana na makovu. Aliikunja ile kanzu, akaiweka mikononi mwa Makungu.

"Chukua, Bwana Msemaji. Iliyosimama hiyo hapo."

"Na wewe rudi zizini."

Makungu alimwendea. Hivyo ndivyo alivyowarudisha masaisi kazini siku zote: hakuwashika, hakuwasukuma, aliwaendea tu, kitambi mbele, nao wakarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Alipiga hatua, na nyingine, macho yake yakiwa yameshafika kule ambako Faki angekuwa. Faki hakuwa na kanzu. Hakukuwa na mtu juu ya pindo lolote. Mishi mwenyewe alikuwa mbali, anakung'uta kiatu. Lakini nyayo za Faki zilikaa kwenye majani mahali pamoja, hadi kitambi cha Msemaji kikamgusa mbavu, zile zile, akafumba jicho moja kwa maumivu.

Makungu hakuwahi kufika mahali hapo. Hakujua mtu hufanya nini baada ya hapo. Walihemeana puani, mmoja anajiuliza, mwingine ameshaacha kujiuliza. Kule pembeni farasi aliinua kichwa, anatafuna, akawatazama kama mtu anayetazama majirani wakizozana juu ya mpaka. Na polepole sana, kiatu cha Bwana Makungu, kile cha kushoto, kilirudi nyuma.

Faki akaachia pumzi.

"Dada," alisema, "nyumbani kuna nini?"

"Kiporo."

"Twende basi. Kisije kikachacha."